Baba anataka niombe msamaha mbele ya kanisa, na mimi siamini tena

Mama shikamoo. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda na sikuwahi kudhani siku moja nami nitaandika, lakini nimefika mahali silali usiku. Naomba usinitaje jina.

Mimi ni mwanaume wa miaka 31, Mtaita, kwetu ni Wundanyi ila nafanya kazi Kilifi, nafundisha Bayolojia na Kemia shule moja ya sekondari. TSC, ile tume ya serikali ya kuajiri walimu, hawajaniajiri bado, niko chini ya bodi ya shule, hii ya BOM, mwaka wa 4 huu nasubiri. Baba ana miaka 68, ni mzee wa kanisa, Anglikana, ameimba kwaya ile ile tangu kabla sijazaliwa.

Mama yangu alikuwa na presha. Alimeza dawa zake miaka 9 bila kukosa siku. Mwaka jana akaanza kwenda kanisa lingine huko Voi, sio la baba, haya ya maombezi ya usiku, na mchungaji wa pale akamwambia ameshapona na kuendelea kumeza dawa ni sawa na kumwambia Mungu simwamini. Akaacha dawa na hakutuambia. Baba alipogundua alishuka Voi mwenyewe na matatu akaenda kumtoa, vijana wa lile kanisa wakamsukuma nje mbele ya watu, mzee mzima. Wiki 6 baadaye mama akapigwa na kiharusi, tukamkimbiza hospitali, siku ya tatu akatuacha. Ilikuwa Desemba. Yule mchungaji akamtumia dada yangu meseji kwamba mama amekufa kwa sababu imani yake iliyumba. Ile meseji bado tunayo.

Nikuambie ukweli, sio siku hiyo niliyoacha kuamini. Niliacha zamani nikiwa chuo, polepole bila kelele, nikija nyumbani naenda kanisani na baba, naimba, nafunga macho wakati wa sala kama wengine. Baada ya mazishi ndio nikashindwa kufunga macho.

Nikaanza kuweka video TikTok. Mwanzo zilikuwa za kawaida tu, presha ni nini, dawa inafanya nini mwilini, kwa nini mtu akijisikia vizuri asiache dawa kwa sababu kujisikia vizuri ndio kazi ya dawa yenyewe. Watu 200 hivi wakawa wananifuata. Halafu nikaanza kusema wazi kwamba siamini kuna Mungu, na kwamba dini inatufanya tusiulize maswali, sasa wako 23,000.

Agosti, siku ambayo mama angetimiza miaka 62, nikajirekodi nikiwa na hasira. Nikasema kila kanisa ni Shakahola (ule msitu ambako waumini walifunga mpaka wakafa njaa), tofauti ni ukubwa wa shamba tu, na wanaokaa mle ndani ni kondoo wanaongoja zamu yao. Ile klipu ilisambaa Mama. Mtu akaikata akabakisha sekunde 20, ikaingia grupu la WhatsApp la kanisa la baba. Baba akaitwa kikao, akasomewa lile andiko la mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa, akaambiwa akae kando kwanza na uzee wa kanisa. Miaka 22 amekuwa mzee pale.

Shuleni nako, shule yetu ni ya serikali ila sponsor ni kanisa, na sponsor amelalamika. Prinsipali, ambaye sio mtu mbaya, ameniomba niandike barua ya kujieleza kabla bodi haijakaa. Wanafunzi wa Form 3 wananiuliza katikati ya somo la seli, mwalimu ni kweli wewe ni mkana Mungu?

Desemba hii tunafanya ibada ya ukumbusho ya mama na kujengea kaburi. Baba anataka siku hiyo nisimame mbele ya watu niombe msamaha, kisha nifute ile akaunti. Aliniambia kwa simu, nanukuu, "Sikuombi uamini. Nakuomba usinivue nguo mbele ya watu." Halafu akakata.

Nikisimama pale niombe msamaha kwa Mungu nisiyemwamini, nitakuwa nadanganya juu ya kaburi la mama. Nikikataa nitakuwa nimemmaliza baba. Watu wananitumia kila siku ile stori ya Seth Mahiga aliyekuwa katibu wa Atheists in Kenya, chama cha wasioamini Mungu, aliyejiuzulu 2021 akasema amempata Yesu, wananiambia subiri, na wewe utarudi tu. Mchumba wangu ni Mkatoliki, hajaniacha, lakini juzi aliniambia, "Wewe huongei na sisi, unatuongelea."

Na kuna jambo moja linaniuma kuliko yote. Baba mwenyewe alikuwa hivi hivi. Babu yangu alikuwa anatasa, sijui kama unajua kutasa, ni ile ibada yetu ya Kitaita, mtu anapiga funda la maji au pombe ya miwa anaipuliza huku anatamka maneno ya baraka, anaitoa hasira moyoni mwake ili isije ikamdhuru mtu wa nyumbani. Baba alipookoka miaka ya 70 alisimama mbele ya ukoo mzima akasema kutasa ni mambo ya shetani na yeye hayumo tena. Huo ndio ushuhuda wake mpaka leo, ameutoa kanisani mara sijui ngapi na watu wanapiga makofi. Babu alikufa 1998 bila kubatizwa. Sasa yeye aliruhusiwaje kuikataa dini ya baba yake hadharani, na mimi nikikataa ya kwake nimemvua nguo?

Niombe msamaha, ninyamaze, ama niendelee? Nisaidie Mama.

Mwalimu, Kilifi

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mama yako. Najua ni karibu mwaka na watu wameshaacha kukupa pole, lakini nimesoma mpaka pale pa meseji ya yule mchungaji nikaiweka simu chini nikatoka uani kidogo. Meseji ile haikustahili kuandikwa na binadamu yeyote kwa mtoto aliyefiwa.

Nikwambie mapema nimesimama wapi ili usije ukahisi nimekuficha. Mimi ni mwanamke wa Kiislamu wa Mombasa, nasali swala zangu tano na naamini Mungu yupo kama ninavyoamini hiki kiti nilichokalia. Kwa hivyo ukisoma haya yote ujue yanatoka kwa mtu anayeamini. Sitajaribu kukurudisha, hukuniandikia kwa hilo, na hilo ni baina yako na moyo wako. Na sitakuita mkana Mungu. Neno hili kwa Kiswahili ni zito, mtu hukana deni, hukana mtoto, Petro alimkana bwana wake huku anamjua vizuri. Wewe hukumkana mtu unayemjua, uliacha kuamini, ni mambo mawili tofauti, na pengine hata hao wanafunzi wako wa Form 3 wangeelewa ukiwaambia hivyo.

Nilivyokuelewa ni hivi. Umebeba vitu viwili umevifunga kwa kamba moja. Cha kwanza ni kutoamini kwako, ambako kulikuwepo miaka mingi kabla ya msiba na hakukumvua mtu nguo. Cha pili ni maneno uliyoyasema Agosti ukiwa na hasira siku ya kuzaliwa kwa mama yako. Kwenye barua yako vinatembea pamoja kama mapacha, ukiambiwa omba msamaha kwa hiki unasikia umeambiwa kikane kile. Nimeisoma ile kauli ya baba yako mara nyingi sana. "Sikuombi uamini." Mwanangu, mzee wa kanisa wa miaka 68 kumwambia hivyo mwanawe sio jambo dogo, ndani ya dini yake hapo amekuachia kitu kikubwa, nadhani kilimtoka kwa uchungu. Wewe umeandika kwamba anataka udanganye juu ya kaburi. Je ndivyo alivyosema? Au ndivyo ulivyosikia kwa sababu ulikuwa unangojea kusikia hivyo? Mimi sijui, simu ilikatika, nauliza tu. Inawezekana kweli anataka maneno ya toba kamili, inawezekana pia hata yeye hajafikiria hasa anataka utamke nini, anataka tu aibu iishe.

Sasa hapa kwa Shakahola nitasema na wewe kama mama maana paliniuma. Mimi huku Pwani nimeona watu wakienda Malindi 2023 na picha za ndugu zao mkononi, wakikaa pale kwenye dawati la Msalaba Mwekundu wanataja majina ya watoto. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa mle msituni. Wengi wa waliokuwa wakiwatafuta wale watu walikuwa waumini pia, wanasali, wanalia, wanauliza. Ukisema kila kanisa ni Shakahola unawaweka hawa waliokuwa wakitafuta pamoja na yule aliyewafungisha watu mpaka wakafa njaa. Na sio hawa peke yao. Kuna mzee mmoja alipanda matatu kutoka Wundanyi mpaka Voi akaenda akasimama mlangoni kwa mchungaji mwongo akasema mpe mke wangu, akasukumwa na vijana ambao angeweza kuwa babu yao. Mwanangu, yule ndiye mtu wa kwanza katika nyumba yenu kuikosoa dini hadharani kwa ajili ya mama yako. Hakuwa na TikTok, alikwenda kwa miguu yake. Halafu mwaka huu akafunguliwa klipu na wenzake kikaoni, akamsikia mwanawe akimweka yeye na yule mchungaji shamba moja.

Nafikiri hiyo ndiyo nguo anayosema. Naweza kuwa nimekosea, lakini jaribu kuisikiliza tena ile klipu ya sekunde 20 kwa masikio yake.

Usije ukanielewa kwamba nasema ukae kimya. La. Mimi muumini nakwambia kimya chetu sisi waumini ndicho kilichozaa mengi. Yule Mackenzie, mhubiri wa Shakahola, alikuwa ameshapelekwa polisi na kortini zaidi ya mara moja kabla ya 2023, watu walimjua anasema nini kuhusu shule na hospitali, na bado kulikuwa na wengi waliosema tusimguse mtumishi wa Mungu. Mama yako naye hakuwaambia kama ameacha dawa, kwa nini? Labda alijua mtamkataza, labda alijua katika nyumba ya dini kumuuliza mchungaji maswali ni dhambi. Kwa hivyo sauti inayouliza inahitajika, iwe ya anayeamini au asiyeamini. Ila nataka ufikirie jambo moja ambalo umelitaja ukalipita haraka. Zile video zako za mwanzo, za presha, zilikuwa na watu 200. Katika hao 200 kuna mama gani wa Voi, wa Mwatate, wa Mariakani, ambaye alikuwa akisikia anavyoambiwa asimeze dawa halafu akakumbuka yule mwalimu kijana anayeongea taratibu? Sasa una 23,000, nao wanakushangilia, lakini mama yule bado yuko? Ama alitoka siku alipoitwa kondoo? Mchumba wako alikwambia huongei na sisi unatuongelea, na mimi naona huyo binti amekupa jibu la nusu ya barua yako, na amekaa, hajakuacha, mtunze.

Haya, tuje kwenye mambo yenyewe ya Desemba.

Ukisimama ukasema yote kama watu wanavyotaka, umekosa, umerudi, Mungu akusamehe, utampa baba yako kiti chake kanisani pengine siku hiyo hiyo. Kwa mtu anayempenda babake hiyo sio bei ndogo ya kuikataa na sitakuambia ni woga. Lakini ninaogopa mambo mawili. Moja, simu zitakuwepo, na hiyo nayo itakatwa sekunde 20, utaitwa Mahiga wa pili huku mwenyewe unajua si kweli. (Mahiga mwenyewe mimi namheshimu, mtu ana haki ya kutoka na ana haki ya kurudi, ila awe amerudi kweli.) La pili ndilo kubwa zaidi, mtu akilazimishwa kusema asichokiamini juu ya kaburi la mamake huwa hamsamehi aliyemlazimisha. Utaenda Kilifi, hutapiga simu wiki moja, mwezi, Krismasi ijayo utasema uko na kazi. Nimeziona nyumba za namna hiyo, baba alipata heshima yake kwa watu akampoteza mtoto.

Kuna namna nyingine iko katikati na sio rahisi pia. Ni kuomba msamaha kwa kile ambacho kweli unakijutia. Sasa hapa ni wewe na nafsi yako, je unajutia kuwaita kondoo? Unajutia Shakahola? Barua yako haikusema. Umeandika "nikiwa na hasira", hiyo bado sio majuto. Kama hujutii, tafadhali usiseme, watu wa kijijini wanaujua msamaha wa mdomoni. Kama unajutia, basi mtu anaweza kusimama akasema niliwatukana na hamkustahili, baba yangu hakustahili, na akaketi, bila kutaja anaamini nini. Hatari yake ni kwamba baba anaweza kuona haitoshi, na padre anaweza kuchukua kipaza sauti baada yako akakuita mbele uombewe, hapo utafanya nini mbele ya halaiki? Hilo linahitaji kuzungumzwa mapema, na baba na padre, kabla ya siku, sio pale pale. Tena ikiwezekana maneno hayo yafike kwanza pale yalipoumizia, yaani kwa baba faraghani, kabla ya kusikika na wageni.

Kuhusu kunyamaza kabisa na kufuta akaunti, hilo nalo ni lako. Lakini ulinyamaza miaka yote ile ya chuo ukifunga macho na watu, na umeniambia mwenyewe hukuweza tena. Ukirudi kwenye kimya kwa sababu ya baba, hasira ile itakwenda wapi?

Na ukiamua kuendelea kama sasa, basi endelea ukijua ardhi unayoikanyaga. Katiba yetu ya 2010 iko upande wako zaidi ya unavyofikiri. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali, na cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani, kinasema pia mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake wala asilazimishwe kutenda kilicho kinyume nayo. Hata ile sheria ya elimu ya 2013 inapotaja kazi ya sponsor kulea wanafunzi kiroho inamtaka pia alinde imani za wengine. Hayo yaweke kwenye barua yako ya kujieleza, kwa adabu. Lakini hapo hapo kuna kanuni ya adhabu, kifungu cha 138, kwamba mtu akisema au akiandika maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwenzake anaweza kufungwa mwaka 1. Kutoamini sio kosa kisheria, wala kutoa hoja. Ila neno kama kondoo, mbele ya mtu anayetafuta kosa, sijui litapimwaje. Na Atheists in Kenya wenyewe walisajiliwa Februari 2016, miezi miwili tu wakasimamishwa kwa hofu kwamba watavuruga amani, mpaka korti ilipowarudishia usajili 2018. Haki walikuwa nayo, lakini waliifuata muda mrefu. Wewe una miezi mingapi ya kodi ya nyumba ukiitafuta yako? Kwa sababu uko chini ya BOM, bodi haihitaji kukufukuza kwa ajili ya dini, inaweza tu kutokuongezea mkataba ikasema hela hazipo. Zungumza na watu wa chama cha walimu, na mwanasheria kama utampata, kabla hujaipeleka hiyo barua. Prinsipali umesema sio mtu mbaya, basi muulize ana kwa ana anahitaji nini aweze kukutetea. Na wale watoto wa Form 3, waambie tu kwamba hilo ni jambo lako nje ya darasa, wazazi wao wamekuamini na seli.

Nakumbuka pia yule kijana wa Nigeria, Mubarak Bala. Alikamatwa 2020 kwa alichoandika Facebook kuhusu dini, 2022 mahakama ya Kano ikampa miaka 24, rufaa ikaipunguza ikawa 5, akatoka Januari 2025. Kenya sio Kano na sitaki kukutisha. Ila mimi ninayesali swala tano nililia kwa ajili ya yule mtoto wa watu, hakuna sala yangu inayolindwa kwa kumfunga yeye. Nimekuambia hilo ili ujue kwamba unaposema "waumini" tumo na sisi wa namna hii humo. Na kwa upande wenu, sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 755,000 waliosema hawana dini, kwa hivyo wewe sio kituko wala hauko peke yako, pengine hata kwenye kwaya ya baba kuna mmoja anafunga macho kama ulivyokuwa ukifunga.

Jambo jingine ambalo limenishangaza hukuuliza. Yule mchungaji wa Voi. Katika barua yote hakuna mahali umesema umekwenda popote kwa ajili yake, polisi, tume ya haki za binadamu, kwa wakili, popote. Meseji ipo. Baba alisukumwa mbele ya mashahidi. Sikwambii ufanye hivyo, kesi kama hizo ni ngumu kuthibitisha na zitamfukua mama yako upya, na ukimtaja jina mtandaoni bila wakili anaweza kukushtaki wewe kwa kumharibia sifa. Nauliza tu, hasira yote hii, 23,000 wameisikia, kanisa la baba limeisikia, yeye aliyeisababisha ameisikia? Na kama siku moja mtataka kwenda, naona wa kwenda naye ni baba yako. Nyinyi wawili ndio watu pekee mlioibiwa kitu kile kile na mtu yule yule.

Sasa babu. Umeuliza baba aliruhusiwaje. Swali zuri mno, lakini umelirusha kama jiwe, na mimi naomba uligeuze uliulize kweli kweli. Kutasa nakujua kidogo, nilikuwa na jirani Mtaita hapa Majengo, mtu mzima, alinielezea kwamba hasira iliyobaki moyoni mwa mzee inaweza kumdhuru mtoto bila hata mzee kutaka, kwa hivyo ndio wanaitoa. Wamishenari walifika Sagalla 1883, na tangu hapo sijui ni nyumba ngapi za Taita mtoto alisimama mbele ya wazee akawaambia mnachokifanya ni cha shetani. Baba yako alikuwa mmoja wao. Umenihadithia alichosema yeye. Hukunihadithia alichojibu babu. Na kutoka hapo mpaka 1998 ni miaka zaidi ya 18 kwa hesabu ya haraka, wawili hao waliishi vipi? Babu alikuja harusini kanisani? Waliapizana? Nani alimuuguza alipokuwa mgonjwa? Alitasa kwa ajili ya mwanawe aliyemwaibisha, au hakutasa? Ushuhuda wa baba huishia pale watu wanapopiga makofi, lakini maisha hayakuishia pale, na wewe ulikuwa na miaka kama 4 babu alipofariki, huwezi kukumbuka.

Mimi ningekuomba, kabla hujaamua lolote, upande Wundanyi mapema, siku tatu nne kabla ya wageni, kabla ya turubai na sufuria. Acha simu ndani. Mkae na baba pale kaburini pa mama mkiwa wawili, au mkivuta mawe ya kujengea, wanaume huongea vizuri mikono ikiwa na kazi. Umuulize babu alisema nini siku ile. Usimuulize kwa kumshtaki, muulize kwa sababu unataka kujua. Sijui atakujibu nini, anaweza hata kukasirika akaondoka. Lakini yeye ndiye mtu pekee aliye hai katika nyumba hiyo ambaye aliwahi kusimama ulipo wewe leo.

Niandikie baada ya Desemba, mwanangu, vyovyote itakavyokuwa. Na ile video ya presha, kama bado ipo, nitumie. Dada yangu Changamwe naye amesema anajisikia vizuri siku hizi, anataka kuacha dawa.